Mianzi Iliyovuka Mfereji

Kaa chini kwanza. Usisimame mlangoni kama mgambo, vuta hicho kigoda, tulia usikilize, maana hii habari ukiisikia umeegemea utaondoka na nusu yake, halafu kesho utaniambia nimekudanganya.

Mzee Nahumu alirudishwa kutoka hospitali ya Ikonda siku ya Alhamisi. Walimhangaikia kule wiki tatu, mwisho wakamwita binti yake Scola pembeni, wakamwambia mama, mpeleke nyumbani akae na watu wake. Scola ana miaka thelathini na nne, si wa kuelezwa mara mbili. Akamfunga baba yake blanketi, akapanda naye gari.

Nyumbani kwao ni kijiji cha kando ya lami, ukitoka Njombe mjini kuelekea Makambako. Nyumba ya tofali za kuchoma, jiko la nje, viazi bondeni, miti ya mbao mlimani, na kando ya kijito, mianzi. Huku mianzi ni ya ulanzi, pombe ya maji ya mwanzi. Mvua zikishika unakata ncha ya mwanzi mchanga, unatundika mbeta, kile kipande cha mwanzi kilicho wazi juu, maji yanadondoka tone tone. Asubuhi unachonga ncha tena, jioni unachonga tena. Ukizubaa siku mbili umeshakauka, huna kitu.

Mgema pale ni Scola mwenyewe. Alirudi kwa baba yake miaka sita nyuma, ndoa imemshinda, ana watoto wawili mkononi, Nelly na mdogo wake. Alipoanza kugema kijiji kizima kilicheka, mwanamke na kisu mianzini! Wakacheka wee, halafu wakaja kunywa.

Sasa Jumamosi asubuhi mzee akagoma kulala chumbani. "Nitoeni humu, nipelekeni jikoni kwenye moto." Denis, mdogo wake Scola, alikuwa kashafika na basi la asubuhi kutoka Makambako, anakozibaga matairi ya malori. Akambeba mzee mgongoni.

"Mshua, umekuwa mwepesi kinoma."

"Na wewe umekuwa mnene. Chipsi za stendi hizo."

Wakamkalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mzee akasema mlango urudishwe, watoto wakacheze mbali. Hapo Scola akasogea karibu na mkeka. Maana alikuwa anangoja neno moja tu. Baba yake alishamwambia zaidi ya mara kumi, wakiwa wawili, mianzi ni yako. Lakini Denis hakuwahi kusikia, na Denis kila akija hadithi yake moja, hiyo mianzi ni uchafu, ing'olewe tupande miparachichi. Kwa hiyo Scola alitaka baba aseme leo, mbele ya Denis, kwa mdomo wake, kabla mdomo haujafungwa. Bila mianzi yeye na watoto wake wana nini pale?

Mzee akaanza.

"Sikilizeni wanangu, na wewe Denis usinikatize, maana pumzi niliyonayo nimeipima, haitoshi kugombana. Mmenipeleka mbali, mmesukuma gari kwenye matope ya Makete, mmelala kwenye mabenchi, nimeona, nimeshukuru, sasa basi, hapa ndipo ninapopataka, moto huu, na moshi huu unaotokea pembe ile ambayo mama yenu alinisema miaka ishirini niizibe na sikuiziba. Naanza na kunizika. Jeneza mchonge kwa mbao zetu, ziko darini, nilizipasua mwenyewe mwaka aliozaliwa Nelly, msiende mjini kuninunulia la vioo kama kabati la vikombe. Mnivike sweta la bluu, lile alilolishona kiwiko mama yenu. Msikodi turubai, msikodi spika, watu wa huku wanajua kuimba bila umeme. Chemsheni viazi, chemsheni maharage, anayetaka pilau akafiwe kwake."

Denis akacheka.

"Nyumba ni yenu wote wawili na haiuzwi. Scola akae na watoto, na kile chumba cha kuelekea barabarani kibaki na kitanda, Denis akichoka na matairi arudi alale. Miti ya mlimani ni ya Denis, ila usiivune ikiwa michanga kwa tamaa ya pikipiki. Shamba la viazi gawaneni kwenye njia ya ng'ombe, juu Denis, chini Scola, na mbegu msinunue, mnajua jinsi ya kuchagua ndogondogo mkazitandaza kivulini.

"Nimewalea kwa vitu vidogo. Denis, najua ulikuwa unaona haya, wenzako kwao kuna televisheni, kwenu kuna baba anayeota jua ukutani. Lakini ulikuwa unarudi mbio, nilikuwa nakuona kutoka kule darajani, daftari kichwani kwa mvua. Saa kumi na moja mama yenu anatoa viazi kwenye majivu, mnavirusha viganjani, ganda linapasuka, mnaweka chumvi, mimi natoka mianzini na ulanzi wa siku ileile, mtamu, haujachacha, hata mtoto anakunywa, na nyie mnagombania kikombe cha bati kilichobonyea kama vile kingine kina sumu. Anapita jirani, tunamsalimia kamwene, kaa, anakaa. Tunaongea mvua, tunaongea nguruwe wa fulani aliyevunja banda, tunacheka, tunalala. Mimi sikuwa na kingine na sikutafuta kingine. Ningeweza kufa leo nimesifia hayo, mkaniamini, mkaenda kusimulia kanisani kwamba baba yetu aliridhika na chake. Ndiyo maana lazima niseme hili la mianzi."

Scola akanyoosha mgongo. Akamtazama Denis usoni, apate kuona neno likimfikia.

"Scola, nilikuambia mianzi ni yako. Nilikudanganya. Siwezi kukupa."

Denis akageuka kumtazama dada yake. Kuni ikalia kwenye moto.

"Niacheni nimalize. Baba yetu alitugawia, mimi na mdogo wangu Ambrosi, kwa mfereji, mfereji aliouchimba kwa jembe lake kutoka juu mpaka kijitoni, ukipita kando ya jiwe jeupe. Mianzi ilikuwa upande wangu, mashina yasiyofika kumi. Sasa mwanzi mnaujua, haukai ulipouweka, unapita chini ya ardhi unatokea mbele. Ukavuka mfereji. Mwaka wa kwanza machipukizi matatu, Ambrosi akanifuata, akaniambia kaka, mwanzi wako umekuja kunisalimia. Tukacheka. Angeukata ilikuwa haki yake, akaniachia, kwa sababu mimi nilishakuwa na watoto na yeye bado. Ikapita miaka, ikavuka mingi, majani yakaanza kuujaza mfereji, na mimi, hapa sikilizeni vizuri, mimi nikayasaidia. Nilikuwa nafagia majani nayamwaga mle. Nikaongeza udongo, kikapu kwa kikapu, asubuhi kabla watu hawajatoka. Misimu miwili ya mvua mfereji ukawa sawa na uwanja. Na watu wa huku wakikosa alama wanasema ulipoishia mwanzi wa mtu ndipo kwake. Nilijua watasema hivyo. Nilikuwa nawangoja waseme.

"Ambrosi alipokuja kuniuliza, kaka, mfereji wa baba uko wapi, nikamwonyesha mtaro wa maji ya mvua, ule wa kule mbele, ndani ya ardhi yake, nikamwambia ndio huo. Nikalisema hilo mbele ya balozi wa nyumba kumi, nimevua na kofia kama mtu anayeapa. Ambrosi akautazama mtaro, akanitazama mimi. Alijua. Akasema kama kaka amesema, basi. Jioni ile akaja hapa akanywa ulanzi wangu, uliotoka kwenye ardhi yake, na kesho yake akaja tena, mpaka anakufa hakurudia lile neno. Heri angenipiga."

Akakohoa, akakohoa sana. Scola akampa maji kwa kijiko.

"Mianzi tunayogema, zaidi ya nusu iko kwa Ambrosi. Yote ile mizuri ya karibu na maji. Yetu ni ile mikavu ya juu, haitoi hata kikombe. Na Telesia mjane wake analima kile kipande kilichobaki kama mkanda, anakuja hapa na bakuli la maharage abadilishe na ulanzi wa mianzi yake mwenyewe, na wewe Scola unampimia, unamwongezea na juu, unafurahi umemsaidia mjane. Hukujua. Mimi nilikuwa nimekaa ukutani, naangalia."

Denis akashindwa kujizuia. "Mshua, hilo si liache tu! Baba mdogo kashakufa, balozi kashakufa. Nani anajua?"

"Wewe unajua. Umejua sasa hivi."

"Anderson atafyeka yote! Mtoto wa Telesia unamjua, wiki haiishi, panga na moto, anapanda parachichi. Dada na watoto watakula nini, sweta lako?"

"Ni yake, akifyeka kafyeka." Mzee akafumba macho. "Usinipigie kelele, Denis. Hiyo hofu unayoniambia ndiyo hiyohiyo iliyonishikisha kikapu cha udongo. Watoto watakula nini. Mlikuwa mnakula. Ambrosi asingewanyima, angenipa nigeme mpaka leo. Sikutaka kupewa. Nilitaka iwe yangu."

Sauti ikaanza kukatika, kama redio yenye betri zilizoisha.

"Scola. Nenda wewe. Denis nikimtuma ataishia njiani. Nenda kwa Telesia, mwambie aje, nimwonyeshe kwa mdomo wangu mfereji ulipo. Hatua kumi na nne kutoka jiwe jeupe... kumi na nne za kwangu, nilipokuwa mzima. Akinikuta, nitasema. Asiponikuta... utasema wewe. Msinizike kabla hajajua. Mkinizika hajajua, mmenizika na ile kofia ya kwa balozi mkononi. Sogeeni. Kichwa chako, Denis... uwe na nyumba inayonukia chakula. Scola, mama... Mungu akupe... akupe jioni. Akupe watu wa kukaa nao. Nenda. Maji, kidogo. Hapana, acha. Nenda."

Scola akatoka. Alikuwa hajafika hata kona ya nyumba, Denis huyu hapa, kamdaka mkono.

"Dada, nisikilize. Mianzi yote nakuachia. Sijui parachichi, sijui nini, sitaki tena, naandika hata karatasi leo. Ni yako, na Nelly, na mdogo wake. Kaa tu kimya. Mshua kazidiwa, mtu aliyezidiwa anasema mengi."

"Huyo kazidiwa? Amekumbuka mpaka hatua."

"Haya, hajazidiwa. Wewe ukitoka hapa unakwenda wapi? Makambako kwangu? Nina chumba kimoja, dada, na jirani anafuga kuku mlangoni."

Scola akauvuta mkono, akashika njia ya mianzini. Na hapo ndipo ilipomuuma, maana lile neno alilolingoja wiki nzima ndilo hilo amepewa sasa hivi, lote, bila ugomvi, anachotakiwa ni kufunga mdomo. Akapita katikati ya mianzi. Akajikuta anahesabu hatua kutoka kwenye jiwe jeupe. Ya kumi na nne, ardhi ilikuwa laini chini ya majani, inadidimia kidogo. Mbele ya hapo mbeta zilikuwa zimejaa zinamwagika, nyuma ya hapo zilikuwa nusu. Kumbe kila siku alikuwa anaona tofauti hiyo, akidhani ni maji ya kijito tu.

Akainua macho. Mtu huyo anakuja kwenye njia, kajifunga kitenge, kachupa ka chai mkononi.

"Kamwene, mama Nelly."

"Kamwene, mama mdogo."

Ni Telesia. "Nimemletea shemeji uji wa ulezi, labda wa kwangu atameza. Nilikuwa nishafika kwenu, wanao wamenirudisha, wanasema babu kafunga mlango ana maneno. Nikasema nizunguke huku." Akamtazama. "Mbona umesimama hivyo kama umekanyaga nyoka? Ulikuwa unakuja kwangu?"

Scola akafungua mdomo. Na kupitia begani kwa Telesia, kule juu, akamwona Denis katoka mlangoni kwa jiko. Mikono yote miwili kaiweka kichwani, ishara ya msiba. Hakupiga yowe. Akatikisa kichwa mara moja, taratibu, halafu akaweka kidole mdomoni.

Telesia alikuwa ameupa mgongo ule mlango, hakuona kitu. Akahamisha kachupa mkono huu kwenda ule.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Ulikuwa unakuja kuniambia nini?"

Basi na wewe uliyekaa hapo tangu mwanzo, una watoto wawili, huna kwa kwenda, na waliobaki wanaojua ni wewe na mdogo wako tu: ungemjibu nini?