Nilimzika Baba Nikiwa na Sare ya Jeshi

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Anayempenda Bwana aseme amina! Aseme tena, kwa maana mimi sikutarajia kusimama tena mbele ya kanisa hili.

Naitwa Wambui. Wengi mnanijua, ni msichana wa mzee Kamau wa hapa Bahati. Kwa wageni, mimi ni mwanajeshi. Kazi yangu ni kuendesha lori la maji. Kule kaskazini ninakofanya kazi hakuna mto, na lori likichelewa watu hukaa na kiu, wanajeshi na wenyeji pia.

Hapo mwanzo sare hii ilikuwa furaha tupu. Nikija likizo, watoto wa hapa walinifuata wakinipigia saluti kwa mkono wa kushoto. Mwenye kibanda cha chai alikuwa akikataa kata kata pesa yangu. Na baba! Baba alinitembeza kwa majirani, nyumba hadi nyumba, eti wanisalimie, na wengine walikuwa wamenisalimia asubuhi hiyo hiyo. Niliona haya, lakini moyoni nilikuwa nikicheka.

Kisha ukaja ule wakati wa maandamano. Vijana waliingia barabarani kule Nakuru, na wanajeshi wakatolewa kambini kusimama pamoja na polisi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kule kaskazini na lori langu. Lakini siku moja kule mjini kijana wetu Brayo alipigwa risasi akafa. Mnamkumbuka, yule aliyekuwa akitutengenezea redio na simu, mtoto wa pekee wa mama yake. Hadi leo hakuna aliyejitokeza kusema risasi ile ilitoka kwa bunduki ya nani.

Ndugu zangu, likizo iliyofuata nilikuta dunia nyingine. Nilipita sokoni Nakuru nikiwa na sare, nikitaka kumnunulia mama viazi. Mama aliyekuwa akiuza viazi alinitazama toka kichwani hadi kwenye buti, akafunika gunia lake.

"Sikuuzii," akasema. "Enda ukale risasi."

Watu wakacheka. Mwanamke mwingine akamvuta mtoto wake nyuma ya sketi, kana kwamba mimi ni mbwa wa kuuma. Nilikaa na maneno yale kifuani. Tangu siku hiyo nikawa navua sare kabla ya kufika Nakuru, naikunja ndani ya mkoba, nafunika na leso juu. Nikaacha kuja kanisani, kwa sababu hata hapa, mniwie radhi wapendwa, niliona watu wakisonga kando kwenye benchi. Nikaacha kuomba. Ningemwambia Mungu nini? Uchungu ulikuwa umenijaa hadi chakula kilikuwa hakina ladha.

Baba alijua. Sikuwa nimemwambia, lakini alijua. Alipolazwa hospitalini alinipigia simu, sauti imekuwa nyembamba. Akaniambia, "Wambui, nikienda, uje kunizika na nguo zako za kazi. Usije ukijificha." Nikamwambia hataenda popote. Hakupona.

Basi asubuhi ya mazishi mama alinipigia pasi sare mwenyewe. Nilivaa, nikafunga vifungo vyote. Mimi ninayeendesha lori jangwani, niliogopa kutoka nje ya nyumba ya baba yangu!

Nikatokea mlangoni. Vijana waliokuwa wamechimba kaburi walikuwa wamekaa kando wakipumzika. Mmoja wao, Karis, alikuwa rafiki wa Brayo tangu wakiwa wadogo. Akasimama, akatupa koleo chini.

"Huyo avue hizo nguo," akasema. "Ama mzee mtamzika wenyewe."

Wenzake nao wakaweka makoleo chini. Pasta akajaribu kuwatuliza, wakamwambia, "Pasta, kaa chini, hii si yako." Halafu bonge la udongo likarushwa. Sikuona ni nani. Lilinipiga hapa kifuani, likapasuka juu ya jina langu lililoshonwa kwenye sare.

Niligeuka nirudi ndani nibadilishe. Nilikuwa nimeshindwa, ndugu zangu. Mama yangu, akiwa amekaa karibu na jeneza, akanishika pindo la shati. "Usivue," akanong'ona. "Baba yako alisema." Nikawa katikati: huku baba amelala hana wa kumbeba, huku neno lake la mwisho kwangu. Ndani yangu nikalia, "Yesu, nisaidie!" Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu ya kwanza baada ya miezi mingi.

Ndipo nikamwona Mama Brayo akiinuka pale walipokaa kina mama.

Hata Karis aliinamisha kichwa. Yule mama alitembea polepole hadi akasimama mbele yangu, karibu kabisa, nikasikia pumzi yake. Nilifikiri atanipiga. Nilikuwa tayari anipige.

Akaniuliza, "Ulikuwa huko siku ile?"

"Hapana, mama. Sikuwa."

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini yale macho yake hayakuniruhusu. Nikamwambia, "Lakini siwezi kukudanganya. Wangenituma, ningeenda. Ningesimama pale na wenzangu. Sijui ningefanya nini."

Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akasema, "Tangu nimzike mtoto wangu, wewe ndiye mtu wa kwanza wa serikali kuniambia jambo na nikaliamini."

Kisha akachukua ncha ya leso yake, akaanza kunipangusa udongo kifuani. Polepole, wapendwa, vile mama humpangusa mtoto anayeenda shule. Akafuta hadi jina langu likasomeka. Mimi nilikuwa nimesimama wima kama tulivyofundishwa, lakini nilikuwa nalia kama mtoto.

Akawageukia vijana. "Huyu mzee," akasema, "kila asubuhi tangu Brayo aende, hadi alipolazwa, aliniletea maziwa. Anaweka mlangoni, anaenda. Hakuwahi kujisifu kwamba anatoa. Hakuwahi kuniomba chochote kwa ajili ya msichana wake aliye jeshini. Aliniachia tu maziwa. Mimi ndiye niliyefiwa na mtoto, Karis. Kama kuna mwenye haki ya kukataa hapa, ni mimi. Na mimi nasema mzee wangu azikwe, na msichana wake ambebe."

Ndugu zangu, hayo ya maziwa mimi sikuyajua! Hata mama yangu hakuyajua, alidhani ng'ombe amepungukiwa maziwa!

Karis hakuniomba msamaha. Sitawadanganya. Hakunitazama hata mara moja. Lakini alikuja akashika upande mmoja wa jeneza, na mimi nikashika upande wa pili, na tukambeba baba hadi mwisho. Pale kaburini nilihisi kitu kikinitoka kifuani. Ule uchungu niliokuwa nimeubeba toka Nakuru hadi kaskazini na kurudi, Bwana aliuondoa! Niliimba. Mimi niliyekuwa siombi, niliimba kwa sauti hadi mama akanitazama!

Je, watu wote wamenipenda sasa? La. Juzi tu kule mjini mtu aliniita muuaji nikivuka barabara. Iliniuma. Lakini sikumchukia, kwa sababu huenda naye ana kaburi nyumbani kwao. Ninamwomba Mungu auweke moyo wangu laini hivi hivi, hata ndani ya buti.

Na Mama Brayo bado anangoja ukweli kuhusu mtoto wake. Aliniambia, "Wewe sikusamehi, kwa maana hukunikosea. Wenye kosa, bado naomba nguvu ya kuwasamehe." Ninaomba pamoja naye, kwa sauti, nikilitaja jina la Brayo. Ninawasihi nanyi mlitaje.

Kama uko hapa na umechukiwa bila kosa, mwamini Yesu. Kama uko hapa na umeumizwa, na hujui umchukie nani, mwamini Yesu pia. Hana haraka na machozi yako. Njoo mbele kama ulivyo, na nguo ulizonazo.

Hamtaomba na mimi peke yangu. Mama Brayo yuko hapa leo, ndiye huyo aliyekaa karibu na mama yangu. Simama, mama, wakuone. Usiogope. Nakuja kukushika mkono.