Dungu la Kulinda Nyota

Siku ile kijiweni kwa Silvio, karibu na stendi hapa Mtwara, tulikuwepo Silvio mwenyewe, muuza kahawa. Yusufu Breki wa bajaji. Mzee Hemedi, mkulima wa Nanyamba. Na mimi Saida na vitumbua vyangu, mwanangu mgongoni. Lucinda, muuza pweza, alikuja mwishoni. Mzee Hemedi alitakiwa kabla ya magharibi ampe jibu binti yake Riziki: ana ruhusa ya kwenda chuo Dar es Salaam kupima nyota, au hana? Uso ulimshuka. Silvio akamwekea kikombe bila kuombwa.

— Nyota zinapimwa nini, mzee? Uzito? akauliza Breki.

— Zinavyozunguka. Nyota changa, za jamii ya jua letu. Riziki anasema zina madoa. Doa likigeukia kwetu, mwanga unapungua kidogo, likipita, unarudi. Likija tena, nyota imemaliza mzunguko.

— Kama tairi lenye tope!

— Ndiyo hivyo. Na changa zina mbio kuliko zilizozeeka. Kuna darubini huko angani inaziangalia.

— Vijana wa bodaboda hao, akasema Silvio. — Ndiyo maana darubini imepelekwa angani. Trafiki huyo! Penye miti hapana wajenzi, wakaiweka huko kusiko na miti.

Mzee hakucheka.

— Mimi nimelala sana juu ya dungu, kile kichanja cha miti shambani, nikilinda mihogo isiliwe na nguruwe. Baridi ya usiku naijua. Na nyota ni kukesha vilevile. Mtoto wa kike, peke yake juu ya dungu, Dar!

— Tena Dar kuna vibaka, akasema Breki. — Wataiba ngazi, abaki hukohuko juu.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akasema Silvio. — Mnunulie tochi.

— Shemeji yangu ana bajaji kule, mzee. Nitamwambia apite kumwangalia kila usiku. Bure.

Breki hakuwa anatania. Nilimpenda kwa neno lile.

Lucinda alikuwa ametoka Msimbati na ndoo ya pweza. Aliitua, akatusikiliza, akauliza:

— Mzee, hiyo darubini si mmesema iko angani?

— Iko huko, inakodoa macho usiku na mchana.

— Na inayoyaona?

— Yanashuka yenyewe, yanaingia kwenye kompyuta. Riziki anayasoma humo.

— Sasa juu ya dungu atapanda kulinda nini?

Breki akamtazama Silvio. Silvio akalitazama dele lake la kahawa. Mzee Hemedi akamaliza kahawa yake, akainuka kwenda kumpa Riziki jibu.

Jumamosi mzee alimsindikiza Riziki mpaka ndani ya basi la Dar.