Sayari ya Kona ya Juu Kulia: Risala ya Wachakata Picha wa Shirosato

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ukita, Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wetu, Daktari Sagara na timu yako mlioketi mbele, walimu na watoto wa Shule ya Msingi Shirosato, mabibi na mabwana.

Sisi wachakata picha wa Kituo cha Anga cha Mlima Shirosato tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mimi Nagase nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu wenzangu wanasema sauti yangu haitetemeki. Ofisi iliipitia risala hii mara mbili. Ile waliyoipitia ilikuwa fupi kidogo.

Tumefurahi kukuona, Mheshimiwa, ila furaha yetu ina macho. Tumeona viti vyetu vimepangwa nyuma ya nguzo. Tumeona mpiga picha wa gazeti kafika kabla ya chai, na kamba ya pazia utakalofungua kuzindua picha ya sayari ni mpya. Hatusemi kitu, tunaona tu.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ni kutafuta sayari zinazozunguka majua ya mbali. Jua linang'aa mno na sayari ni hafifu, mithili ya kimulimuli kando ya taa ya lori. Zaidi ya hapo, kioo cha darubini na hewa hutia picha madoadoa, na kila doa hujifanya sayari. Kwa hiyo tunapiga picha nyingi usiku kucha. Anga linazunguka, sayari ya kweli inazunguka nalo, na madoa ya kioo yanabaki palepale. Kuyafuta madoa bila kuifuta sayari ndiko kuchakata.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kituo hiki kina njia nne. Ya kwanza inachukua wastani wa picha zote na kuutoa katika kila picha. Ya pili inasaka sura zinazojirudia na kuziondoa. Ya tatu inafuatilia historia ya kila nukta, usiku mzima, kwa subira ya mama mkwe. Hizo ndizo zetu, tuliokaa nyuma ya nguzo. Ya nne ni mashine ya Daktari Sagara, iliyofundishwa kutambua sayari yenyewe.

TULILOJIVUNIA

Mwaka huu Bodi yako iliagiza njia zote nne zishindanishwe, na tulishukuru. Utaratibu ulikuwa wa haki. Zilichukuliwa picha za jua moja, ikatengenezwa nakala, na ndani ya nakala Bi Kuwabara, mwenzetu asiye wa timu yoyote, akapanda sayari za uongo. Sisi tunaziita mbegu. Kila timu ipewe nakala ileile, ichimbe, ionekane nani kapata mbegu na nani kapiga kelele za mwizi pasipo mwizi.

Bi Kuwabara aliapa kutomwambia mtu alipopanda mpaka shindano lifungwe. Nasi tuliapa kutoonyeshana tulichopata. Kanuni hiyo uliitia saini wewe, Mheshimiwa, na hakuna awezaye kuifungua isipokuwa wewe. Shindano lilikuwa lifungwe majira ya kuchipua. Likaahirishwa. Likaahirishwa tena. Hatukuambiwa sababu, na mtu asiyeambiwa sababu huanza kujitafutia mwenyewe.

KILICHOKUWA KIKIITWA CHANGAMOTO

Ofisi ilikirudisha kichwa hiki kwetu pamoja na maelezo kwamba kituo hakina changamoto. Basi tunasimulia tu.

Shindano likiwa bado limelala, Daktari Sagara alitangaza kwamba mashine yake imeona sayari ya kweli katika picha za asili, zisizo na mbegu. Tulifurahi, kisha tukazichukua picha hizo za asili tukazipitisha kwenye njia zetu tatu. Hatukuona kitu. Tukarudia. Hatukuona kitu. Tukamwendea kwa heshima.

Akatuambia, "Jamani, macho yenu yamezeeka. Mimi nimeona, nyie hamjaona, sasa kosa langu liko wapi?"

Tukaomba basi mashine yake izipitie picha za asili mbele yetu. Tukaambiwa iko kwenye matengenezo. Ipo huko hadi leo, ingawa kila asubuhi tunaisikia inanguruma. Mwamba ngoma huvutia kwake, hilo tunalijua. Hatumwiti Daktari mwongo. Tunashuku kitu kidogo zaidi na kibaya zaidi: kwamba asili na nakala zimekaa jirani, zimefanana kama mayai, na mtu mwenye haraka anaweza kuvunja lisilo lake.

Tulichokiona sisi ndani ya nakala, kanuni inatuziba mdomo. Lakini tulitazamana.

Ndipo nikamwendea Bi Kuwabara kantini, saa ya chakula, na picha ya sayari ya Daktari iko ukutani juu ya birika. Sayari ipo kona ya juu, mkono wa kulia. Nikamuuliza kama ni yake.

"Nimeapa, mwanangu, usinitie majaribuni," akasema. "Kaa tucheze."

Akafungua ubao wa go, ule mchezo wa kupanga mawe meusi na meupe, akashika mawe meusi, akatua la kwanza. Mheshimiwa, wewe ni mchezaji; ulimshinda hapahapa mwaka jana. Unajua anayeanza, kwa adabu, huliweka wapi jiwe lake la kwanza. Kona ya juu, mkono wake wa kulia. Bi Kuwabara hajawahi kuanza mahali pengine, na watu huwa hawaachi adabu zao nyumbani wakienda kazini. Alilitazama jiwe, akaitazama picha, akanywa chai yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mheshimiwa, tunaogopa. Watoto hawa wameichagulia sayari jina, Hotaru, yaani kimulimuli, na wameitungia wimbo. Duka la kona limeshaanza kuuza maandazi ya maharage matamu yenye chapa yake. Kesho gazeti litaiambia dunia. Siku dunia itakapogundua kwamba kimulimuli kile tulikipanda wenyewe, hakuna atakayetuamini tena hata tukiona sayari ya kweli, na watoto hawa ndio watakaochekwa.

OMBI

Hatuombi mashine, wala viti vya mbele. Hatuombi Daktari Sagara aaibishwe. Yeyote kati yetu angeweza kufungua picha isiyo yake. Huenda pia tumekosea sisi, na macho yetu yamezeeka kama alivyosema Daktari. Tungependa kujua.

Tunaomba mtu mmoja afunguliwe kiapo. Kamba ya pazia iko mkono wako wa kulia, Mheshimiwa. Bi Kuwabara yuko kushoto kwako, safu ya tatu, na tangu asubuhi hajavua koti. Tunakuomba uanzie kushoto.

Mungu akulinde barabarani ukishuka mlima, akupe macho mema na usingizi mwema.

Ni sisi,
Wachakata Picha wa Njia Tatu za Zamani,
Kituo cha Anga cha Mlima Shirosato.