Basi la Elinaja

Nje ya bucha moja pale Barking, huku ughaibuni, kando ya kituo cha basi, lipo benchi ambalo kila Jumamosi asubuhi hugeuka bunge. Mama Chupa huleta chupa yake ya kahawa ya tangawizi. Brigedia, aliyepitia jeshi la JKT kule nyumbani enzi hizo na hajaacha kuisimulia, hukaa katikati. Injinia, ambaye hajawahi kutengeneza hata baiskeli, hukaa kulia. Mwishoni hukaa Vaileth akingoja nyama yake ikatwe. Tangu mama yake augue ameacha shule, analea wadogo zake. Siku hiyo begani kwake alilala Elinaja, waliyesoma naye dawati moja, sasa mwanafunzi wa chuo kikuu na kuruta wa uafisa, yote kwa pamoja. Alifika na gwanda, buti zinang'aa, akawapa wakubwa shikamoo na kusema mbele ya wote, "Vai, niamshe basi la stesheni likija. Gari la kikosi halisubiri mtu." Akasinzia.

— Usiku anaandika insha, wikiendi porini, alisema Mama Chupa. Mtoto ataisha huyu.

— Aishe wapi na analipwa? alisema Injinia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamempa bunduki.

— Bunduki gani? Brigedia aliguna. Sisi tulilima mahindi. Huyu anafundishwa kula kwa uma.

— Nasikia wakihitimu wanapewa farasi, alisema Injinia.

— Na nyumba ya farasi.

— Na mchumba, mwenye farasi wake.

Vaileth alicheka nao, lakini macho yalikuwa kwenye kofia iliyolala mapajani mwa rafiki yake. Walikuwa wamepanga kujiunga wote wawili. Na hesabu, yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha Elinaja.

Basi likatokea kwenye kona. Injinia aliliona, akachungulia kikombe chake. Mama Chupa akakaza kifuniko cha chupa kilichokwisha kukazwa.

— Wahenga walisema, Brigedia alinong'ona, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Kwa mara ya kwanza kijiweni hapo, hakuna aliyembishia. Vaileth alibana bega lisitikisike. Milango ikafunguka, ikafungwa. Basi likaenda zake.

Kichwa cha Elinaja kilizidi kuwa kizito, na pumzi zake zilikuwa za mtu aliyeamini. Lilipokuja basi la pili Vaileth alimtikisa kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka.

— Eli, amka. Basi.

Elinaja aliokota kofia, akajifuta mdomo, akaruka mlangoni. Akageuka.

— Asante, Vai. Kwako tu ndiko nalala bila wasiwasi. Hili ndilo la kwanza, eh?

Brigedia akatazama viatu vyake. Injinia, mwenye jibu la kila kitu, alimsogezea Mama Chupa kikombe. Mama Chupa akainamisha chupa, akaitikisa. Halikutoka hata tone.