Brandi ya Ndimu ya Mzee Gurmit

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Ndugu Mwenyekiti wa umoja wetu, wauguzi na wahudumu mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa, ndugu wageni waalikwa, na wewe Dada Winifrida, ambaye kwa ajili yako ukumbi huu wa kanisa hapa Lewisham umejaa mchana wa leo: habari za saa hizi.

Kwa wasionifahamu, naitwa Rupinder. Nilizaliwa Mwanza, nikasoma Mwanza, na Kiswahili changu bado ni cha kule, ingawa nimeishi Neasden, hapa hapa London, muda mrefu kuliko nilivyoishi kwingine kokote. Nimeombwa niseme machache kumuaga Dada Winifrida, anayestaafu kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani na kurudi kwao Bukoba. Wengine watazungumzia bidii yake. Mimi nitazungumzia kinywaji kimoja alichojifunza kutengeneza jikoni kwetu, na Baba Paroko anisamehe, maana ndani yake kuna brandi.

Baba yangu, marehemu Mzee Gurmit, alikuwa fundi wa injini za meli za ziwani. Jumamosi jioni yeye na mafundi wenzake walikunywa brandi ya ndimu: brandi kidogo, ndimu iliyokamuliwa papo hapo, sukari, soda ya tangawizi, na matone machache ya ile dawa chungu ya kwenye kichupa inayouzwa pamoja na vileo. Ukimuuliza mtu wa Musoma, alisema Baba, atakwambia kinywaji hicho kilianzia Musoma. Wa Kisumu atakwambia Kisumu. Yeye hakubishana na mtu. Alipohamia London alikuja nacho, na kila Jumamosi alikata ndimu kwenye meza ya jikoni, akatengeneza glasi moja, akainywa taratibu, akaiosha, basi. Sikuwahi kumwona akitaka ya pili.

Kisha akapata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, na koo lilikuwa halimezi sawasawa. Maji ya kawaida yangeweza kumwingia mapafuni, kwa hiyo kila kinywaji kilipaswa kuchanganywa na unga maalumu wa kukifanya kiwe kizito, iwe chai, iwe maziwa, iwe maji matupu. Je, kuna aliyewahi kunywa maji mazito hapa? Mimi nilijaribu. Yanakaa mdomoni kama kitu kilichokataa kuwa chakula na kikakataa kuwa maji. Baba alionja mara moja akafunga mdomo. Midomo ikakauka, akaanza kuchanganyikiwa, na daktari akatuambia wazi kwamba asipokunywa atarudi hospitali, na huenda safari hiyo asitoke.

Hapo ndipo Dada Winifrida alipoletwa kwetu. Siku ya kwanza alimketisha vizuri, akampa kikombe, Baba akakataa. Hakumbembeleza. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

“Mzee, wewe unataka kunywa nini?”

Maneno ya Baba siku hizo yalitoka kwa shida, moja moja. “Brandi yangu. Ya ndimu.”

Dada Winifrida akaweka kikombe mezani. “Hiyo siwezi, Mzee. Mimi pombe sigusi. Hata chupa yake sishiki.”

Baba akageuza uso ukutani.

Ameniruhusu niseme sababu, na asingeniruhusu nisingesema. Baba yake kule Bukoba alikuwa mlevi, na alipokuwa akirudi amelewa mama yao aliwachukua watoto wakalale kwa jirani. Kaka yake Linus, aliyekuwa mpole kuliko wote, naye akaja kushika chupa. Siku ya mazishi ya mama yao alifika akiyumba, akaliangukia jeneza mbele za watu. Tangu siku hiyo Dada Winifrida hakusema naye tena. Sasa, ndugu zangu, mtu aliyepitia hayo unamwambiaje afungue brandi ammiminie mzee wa watu? Mimi sikumwambia. Nilidhani tungeletewa mtu mwingine.

Jumamosi akaja yeye. Alikuwa ameshazungumza na daktari, na pia na mtaalamu wa mambo ya kumeza, na wote wawili walikubali: kiasi kidogo, kiwe kizito kama vinywaji vyake vingine, na mgonjwa akae wima. Aliweka ndimu mezani. Nikamuuliza nini kilimbadilisha.

“Hakuna kilichobadilika,” akasema. “Pombe naichukia vilevile. Lakini huyu mzee hajampiga mtu. Siwezi kumwacha akauke kwa makosa ya baba yangu.”

Akaishika chupa kwa kitambaa, kama mtu anayeepua sufuria ya moto, akaifungua.

Glasi ya kwanza haikufaa. Soda ilikuwa bado na gesi, unga ukapanda juu na mapovu, ukashikana mabonge. Ya pili aliiacha muda mrefu mno baada ya kutia unga, ikawa nzito kupita kiasi. Baba alionja kwa kijiko, akafikiri.

“Gundi,” akasema.

“Nifanyeje, Mzee?”

“Soda kwanza. Ikae. Ife.”

Basi wakaiacha soda ife. Waliikoroga kwenye bakuli mpaka mapovu yakaisha, na wakati wakingoja Baba alimwonyesha kwa mkono wa kushoto namna ya kubingirisha ndimu mezani kabla ya kuikata, ili itoe maji yote. Sukari ikayeyushwa ndani ya ndimu, ikafuata brandi, kisha soda, kisha yale matone, na unga mwishoni kabisa, ukinyunyizwa kidogo kidogo huku anakoroga. Dada Winifrida hakuonja. Alinusa tu, akiwa ameukunja uso, akanionjesha mimi na kuniuliza kama imekuwa tamu.

Baba alimeza kijiko kimoja. Sote wawili tulikuwa tunalitazama koo lake. Halikukwama. Akafungua mdomo tena, kama mtoto. Aliimaliza glasi yote.

Kesho yake alikubali ndimu na tangawizi bila brandi, na keshokutwa yake akakubali maji. Brandi yenyewe ikabaki ya Jumamosi, kama zamani. Hakurudi hospitali mwaka ule, wala uliofuata.

Jumamosi moja, nikiwa naosha vyombo, nilimsikia Baba akimuuliza Dada Winifrida, aliyekuwa ameshamsimulia habari za kaka yake, “Mama, ndugu yako yupo hai?”

“Yupo.”

“Bado anakunywa?”

“Sijui, Mzee. Sijamuuliza.”

 Baba alimsukumia glasi tupu, akaacha apanguswe mdomo, wakaendelea kutazama taarifa ya habari.

Baba alifariki mwaka jana, nyumbani, kitandani kwake. Tulipomaliza mazishi, Dada Winifrida alinisaidia kupanga viti, akavaa koti, kisha akasimama tu mlangoni. Akaniomba nikae naye anapopiga simu. Linus alipopokea hakuijua sauti ya dada yake, ikabidi ajitambulishe kwa jina la baba yao. Walizungumza Kihaya, kwa hiyo sikuelewa kitu, ila nilielewa kulikuwa na vipindi virefu ambavyo hakuna aliyezungumza, na kwamba hakuna aliyekata simu.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wageni waalikwa, ningependa kuwaambia kwamba Linus ameacha pombe. Hajaacha. Amemwambia dada yake mwenyewe, bila kumficha, na Dada Winifrida amekata tiketi hivyo hivyo. Asubuhi ya leo, tukiwa tunapanga meza hizi, nilimuuliza atafanya nini siku akimkuta amelewa.

“Nitamketisha vizuri,” akasema, “halafu nitamuuliza anataka nini.”

Dada Winifrida, familia yangu inakushukuru. Nenda salama. Nanyi nyote mliotulia mkanisikiliza, asanteni sana.