Maringo ya Sindano

Benchi lenyewe lina miguu minne, na mmoja ni tofali. Limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na anayetaka kulikalia sharti aje na vitu viwili: kiu ya kahawa na jibu la kila kitu. Asubuhi ile walikaa watatu. Redio, kinyozi, ambaye habari ikiingia masikioni mwake hutoka imeota ndevu. Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyevuka mipaka yote ya jirani na kubishana kwenye kila mmoja. Na mwenye ukuta, fundi, ambaye mtaa mzima humwita Sindano kwa kuwa hutunga uzi kwa mpigo mmoja, bila miwani, na umri wake ule. Sifa yake ya pili ni maringo. Ukimpa mkono, anakuacha umeshika upepo. Watu wameshazoea; hata Bi Birika, muuza kahawa, humgonga kucha kwa kikombe ndipo akipokee.

Siku hiyo Sindano alikuwa na donge. Madaktari wa macho walikuwa zahanati ya pale kona, na wangeondoka adhuhuri. Hospitali za nchi tatu zimeungana kuchunguza magonjwa ya macho yanayorithiwa ndani ya ukoo. Binti yake, ambaye jioni ikiingia hujikwaa kwenye ndoo aliyoiweka mwenyewe, alikuwa ameshajiandikisha. Madaktari wamemwomba na baba aje. Baba kagoma.

— Mate! alisema Redio. Wanataka utemee kichupa. Jicho liko huku juu, mate yako huku chini. Hawa wamebisha hodi nyumba ya jirani.

— Tena nchi tatu, Breki akadakia. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse madaktari? Mimi mpakani niliwaona wakibishania gunia la vitunguu kutwa nzima. Itakuwa jicho?

— Wameshagawana, kaka. Nchi moja mboni, ya pili kope, ya tatu inabaki na machozi.

— Na ugonjwa wenyewe umevukaje mpaka bila pasipoti?

— Haba na haba hujaza kibaba! Leo mate, kesho wanapanda macho shambani kama mihogo. Unang'oa mawili, unaosha, unavaa.

Sindano alicheka mpaka bega likagonga ukuta.

— Mimi wanipime nini? Tazameni.

Akachomoa sindano kolani, uzi mdomoni, pu! Umepita. Benchi likapiga makofi.

— Tumekuona wewe, alisema Bi Birika akimimina. Na mtoto je?

— Mtoto ana haraka tu.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, fundi.

— Kweli kabisa, Redio akaitikia. Ndiyo maana mimi nawanyoa wakiwa wamelala.

Sindano hakucheka safari hii. Kichupa hakikumtisha. Kilichomtisha ni kuambiwa kwamba ile ndoo anayojikwaa binti yake, aliyeiweka njiani ni yeye.

— Hodi hapa! Namtafuta fundi.

Mgeni alikuja na begi begani, akinyanyua miguu juu juu kama avukaye kijito. Sindano aliitazama sura ile, akaruka.

— Binamu! Mtoto wa shangazi!

Shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Hawajaonana tangu wavae kaptula. Sindano akanyoosha mkono. Binamu naye akanyoosha. Mikono ikapishana hewani kama malori ya Breki, na wenyewe wakabaki wametazamana usoni, meno nje, kila mmoja akingoja.

Wakangoja.

— Maringo yamekutana na maringo! alinong'ona Redio.

— Binamu, mgeni aliuliza, mkono wako uko wapi?

— Nami nangoja wako.

Binamu akaangua kicheko cha kupeperusha mashuka kambani.

— Maringo? Kwetu nami wananiita Bwana Mkubwa, kwa hili hili. Natengeneza saa, skrubu ndogo kama punje ya mchanga naiona. Nikajua nina macho. Hospitali ya kwetu ikanipima: katikati pazima, pembeni pazia linajifunga. Wakaniuliza ndugu zangu wako wapi. Nikasema tawi la mjomba liko huku. Nimekuja kulitikisa.

— Wana dawa? Sindano aliuliza taratibu.

— Hawajaniahidi, wala hawakunidanganya. Wanataka kujua linapitia wapi. Sisi peke yetu hatutoshi, na nyie peke yenu hamtoshi. Ndiyo maana wameungana.

Kisha akaligeukia benchi.

— Nanyi wakuu, mnaojua mpaka nchi ipi imepewa kope. Mmekaa na huyu miaka yote. Nani aliona kwamba haoni?

Redio alichungulia kikombe chake. Breki akakohoa. Bi Birika akautazama mkono wake mwenyewe, ule unaogonga kucha za fundi kila asubuhi.

Sindano alitoa simu.

— Mwanangu, usiondoke hapo zahanati. Baba yako anakuja na binamu yake. Ee. Mate ninayo.

Akaiweka sawa kola yake.

— Angalia tofali, fundi! Breki alipiga kelele.

— Kwenye ukuta wangu? Tofali nalijua kuliko mke.

Akapiga hatua moja, akalipiga teke. Benchi likalala chali, Redio juu ya Breki, birika juu ya Redio, na kahawa yote ikaondoka zake barabarani.

— Kahawa imekwisha, alitangaza Bi Birika. Kesi imefungwa.

Sindano akacheka, akainama kumwinua kinyozi. Mkono wake ulikwenda pembeni kabisa, ukashika upepo.

Redio hakuungoja. Aliufuata huko huko ulikokuwa, akaushika barabara.

— Haya, fundi. Twende.