Udhaifu wa Kwanza: Benchi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu wenye miguu minne, mmoja umewekewa kigae ili usicheze, na limekaa kwenye kona baina ya duka la dawa na ghala la simenti. Mbele yake kuna jiko, birika na beseni la vikombe, na nyuma ya jiko, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakaa muuza kahawa ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi. Benchi alilitengeneza marehemu mumewe. Wanaolikalia ni rafiki watatu wa marehemu, na ukipita pale saa mbili asubuhi au saa tano utawakuta vilevile: Waziri, aliyestaafu ukarani na bado anaongea kama barua ya ofisi, Fundi Saa, ambaye siku hizi hana kazi kwa kuwa kila mtu anatazama simu, na Bondia, aliyepigana pambano moja tu ujanani, akapigwa, lakini jina likabaki. Bondia peke yake anachukua nafasi ya watu wawili.

Asubuhi hiyo alikuwapo pia mtoto wa kaka yake Shangazi, binti anayesomea biashara chuoni. Wazee wamekwisha kumpa jina la Meneja kabla hata hajahitimu. Mwalimu wake wa chuo alitaka kila mwanafunzi achague biashara anayoijua, aikazie macho wiki nzima, kisha aichambue. Meneja akachagua kahawa ya shangazi yake. Shangazi alikubali kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: wateja walikuwa wamepungua mwaka mzima, na kama mtoto huyu asingeona dawa, mwisho wa mwezi angezima jiko ahamie kwa mwanawe. Wale watatu hawakujua lolote, na roho ilimuuma kila alipowatazama.

— Kwa hiyo hii ni kesi, — Bondia alisema, akiikodolea macho karatasi aliyoshika Meneja. — Mshitakiwa nani?

— Hakuna mshitakiwa, baba. Huu unaitwa uchunguzi kifani, biashara moja inachunguzwa iwe mfano. Nimegawa visanduku vinne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho.

— Sisi tuko kwenye nguvu, — Waziri alisema, wala hakuwa anauliza.

Meneja alimtupia jicho shangazi yake. Shangazi akajifanya anapuliza makaa.

— Nguvu ni kahawa yenyewe, na hii kona. Benchi liko kwenye udhaifu. Udhaifu wa kwanza.

Fundi Saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, mambo yakawa yaleyale.

— Mimi ningeomba nihamishiwe kwenye vitisho, — Bondia alisema. — Udhaifu haunikai.

— Nilihesabu, wazee wangu. Wiki moja, watu sitini na wawili walifika hapa, wakaangalia benchi, wakaenda zao. Waliokubali kunywa wamesimama ni tisa. Nyie mnakaa masaa manne, kila mtu na kikombe kimoja.

— Viwili, — Fundi Saa alisema. — Ijumaa nilirudia.

— Ulipewa, — Shangazi alisema.

— Na pendekezo lako ni lipi? — Waziri aliuliza.

— Benchi liondolewe.

Hapo ndipo walipoanza.

— Mwanangu, umesoma lakini hujaangalia, — Fundi Saa alisema. — Sisi ni tangazo. Mtu aliye kule ng'ambo ya barabara kahawa haioni. Anaona watu wazima watatu wametulia, anajua hapo pana kitu. Taratibu, mmoja mmoja, watakuja. Bandu bandu humaliza gogo.

— Gogo likiisha si hasara?

— Inategemea ni gogo la nani, Bondia.

— Tangazo ni jambo dogo, — Waziri alisema. — Sisi ni bodi ya wakurugenzi. Kila siku tunakutana, tunapitia hali ya soko, tunaahirisha kikao. Nitajie kampuni yenye bodi inayohudhuria kila asubuhi bila posho. Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Mbachao si mkeka mchakavu? — Fundi Saa aliuliza. — Umetusema sisi?

— Nimetoa methali. Sijataja jina la mtu.

— Nyote hamuijui biashara, — Bondia alisema, akajiweka sawa, na ubao ukalia. — Mtu anapenda nini? Anachokikosa. Hao sitini na wawili wameondoka na hamu. Basi tuwanyime zaidi. Kwanza tupunguze vikombe. Halafu tupunguze kahawa. Mwisho tuiondoe kabisa, libaki benchi na sisi. Foleni itafika duka la dawa.

— Foleni ya kununua nini? — Meneja aliuliza.

— Hiyo ni siri ya kampuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Aliwapenda hawa wazee, aliwapenda hasa walipopotoka hivi, na kwa sababu hiyo akaona hawezi kuwaficha zaidi.

— Mtoto amesema kweli, — alisema. — Hali ni mbaya. Mwezi huu ukiisha, huenda nikafunga.

Waziri aliweka kikombe chini.

— Shangazi, unadhani sisi tunafuata kahawa? Mimi daktari alinikataza zamani. Changu hukinywa Bondia.

— Ni kweli, — Bondia alisema.

— Siku tuliyomzika mwenzetu tulikubaliana sisi watatu. Huyu mama asikae kwenye kona hii peke yake, hata asubuhi moja. Leo mwaka wa tatu. Hatujakosa.

— Na mgongo unaniua, — Bondia aliongeza. — Ubao huu hauna huruma.

Shangazi alichochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

— Na mimi nimewaacha mkae nikidhani hamna pa kwenda. Nilisema moyoni, hawa wamefiwa na mwenzao, nikiwaambia wasogee nitawavunja moyo.

Meneja alizungusha kalamu juu ya vile visanduku vinne, akatafuta pa kuliandika jambo hilo, akaifunika kalamu.

Wakati huo akafika mama mmoja mwenye sare ya hospitali, macho mekundu kwa zamu ya usiku.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Naomba kahawa, nimechoka sana. Mgeni anakaa wapi hapa?

Tangazo likamtazama mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti akamtazama mwenye siri ya kampuni. Bondia akautazama ubao kushoto na kulia kwake kama anayeuona leo. Yule mama alianza kugeuka aende zake.

Shangazi akapindua ndoo ya pili, akaiweka kando ya yake.

— Waziri, njoo huku.

— Huku wapi?

— Upande huu wa jiko. Peke yangu sitaki kukaa, ila benchi nalitaka kwa wateja. Kuanzia leo mtakuja kwa zamu, kila siku mmoja.

Waziri aliinuka, magoti yakalia, akalizunguka jiko ambalo kwa miaka mitatu hakuwahi kulivuka. Yule mama akakaa, akanyoosha miguu, akashusha pumzi. Waziri naye alikaa juu ya ndoo, mikono mapajani, hajui aifanyie nini.

— Sasa bodi ikiwa huku inafanya kazi gani?

Shangazi akamsogezea beseni.

— Inaosha vikombe.